Udhuru wa Masele

Masele alipotuma ujumbe kwamba Jumamosi anakuja kumchukua binti yake Gladness, Wilhelmina aliusoma mara tatu. Miaka sita mtu hajanunua hata daftari, leo anataka binti aende Ukerewe kulea kichanga cha mke mpya. Na Gladness amechaguliwa kidato cha kwanza, sare imeshashonwa.

Mama wa Gladness alikuwa mdogo wake Wilhelmina. Wiki tatu baada ya mazishi, Masele aliaga kwamba anakwenda stendi ya Buzuruga kupokea mzigo, asirudi. Wilhelmina, aliyekuja Pasiansi kwa ajili ya matanga tu, ndiye aliyebaki na mtoto.

Dorotea, afisa ustawi wa jamii, alimsikiliza vizuri.

"Mama, baba kuwa mbali si kosa. Wavuvi wote wako mbali. Sheria inatazama kama amemtelekeza mtoto: hamtunzi, hamuulizii, hana habari naye. Niletee barua ya mwenyekiti wa mtaa, tutamzuia."

Mwenyekiti Ndalahwa aliitikia shikamoo yake, akavaa miwani, akafungua daftari la mikutano.

"Atelekeze nani? Huyu Masele wetu?" Kidole kikateremka kwenye kurasa. "Machi, ametoa udhuru, msiba Geita. Juni, ametoa udhuru, malaria. Septemba, msiba Magu. Mama, huyu bwana amezika watu kumi na mmoja na hajakosa kutoa taarifa hata mara moja. Wapo wanaokaa nyuma ya ofisi hii na hawaagi. Ndiyo maana tulimchagua kwenye kamati ya usafi."

Wilhelmina aliinamisha kichwa. Kila jina la Masele liliposomwa mkutanoni, yeye ndiye aliyesimama kumjibia. Msiba wa saba majirani walileta mchele na maharage, Gladness akala wiki mbili.

"Ni mimi niliyesema, mwenyekiti. Masele hakunituma."

"Unataka kusema daftari la mtaa limedanganya?"

"Limeandika nilichosema."

Ndalahwa akavua miwani. "Haya yaliingia kwa mkutano, yatatoka kwa mkutano. Ijumaa."

Ijumaa watu walijaa kuliko siku ya kugawa vyandarua. Wilhelmina akasimama, akasema.

"Sasa wale tuliowalilia?" aliuliza jirani yake, Mihayo.

"Wengine wazima. Wengine hawajawahi kuwepo."

"Shangazi yake wa Magu je? Mimi nilifunga kwa ajili yake."

"Mungu ameipokea saumu yako, shemeji."

Watu wakacheka. Wilhelmina akangoja wamalize.

"Aliondoka," alisema. "Udongo wa kaburi la mdogo wangu ulikuwa bado mbichi. Sikutaka mseme aliolewa na mtu wa namna hiyo. Ndiyo nikawa namwombea udhuru."

Hapo hakucheka mtu. Mihayo alitazama viatu vyake. Ndalahwa akaiandika ile barua taratibu, akaupulizia muhuri wino ulipokataa kutoka, akagonga mara mbili.

Jumamosi Masele alifika na begi tupu la kuwekea nguo za binti. Dorotea akampa barua ya kumzuia. Aliisoma akiwa amesimama mlangoni, midomo ikicheza, mpaka chini kwenye sahihi. Gladness alikuwa chumbani, mlango umefungwa kwa ndani.

Hakumuulizia. Aliuliza kivuko cha mwisho kinaondoka saa ngapi.

Wilhelmina akamwambia.