Mate ya Mzee Kiilu

Kabla ya ugonjwa ule kuja, mate ya Mzee Kiilu yalikuwa na foleni. Mtihani wa darasa la nane ukikaribia, ungewaona watoto wa Mutuini wamejipanga mbele ya kibaraza chake na kalamu zao mpya, mikono ya sweta imekunjwa, viganja juu. Mzee angetoka, akamtemea kila mmoja tone dogo kiganjani, "ptu," na kusema, "Mungu akutangulie." Mtoto angejipaka kifuani na kwenda zake akiwa na uhakika wa kupita. Hata majirani Wakikuyu, wenye wazee wao na baraka zao, walileta watoto kwake, wakisema mate yake yana bahati. Naye alikuwa mjane, mstaafu wa kupanga barua katika posta kuu ya mjini, na hakuwa na kazi nyingine duniani aliyoithamini kuliko hiyo.

Binti yake wa pekee, Mukonyo, ndiye aliyeiua kazi hiyo. Nasema aliiua, ingawa mwenyewe hakujua, na ingawa namhurumia mpaka leo.

Mukonyo alikuwa ameajiriwa Kilimani, katika ofisi ndogo ya ghorofa ya tano iliyotunga matangazo ya afya. Kazi yao, kama walivyopenda kuieleza, ilikuwa kubadili tabia za watu. Mwezi wa Mei 2020, wakati jiji lilikuwa limefungwa na kafyu ikiwarudisha watu wazima nyumbani mapema kama kuku, walikutana kwa video kutafuta tangazo la wazee. Komal, mkuu wao, alikuwa amechoshwa na matangazo ya kusugua mikono sekunde ishirini, ambayo pia Mukonyo ndiye aliyeyasoma.

"Guys, tumesema sanitaiza mpaka tumeboeka sisi wenyewe," alisema. "Nataka kitu moja tu. Kitu wazee wanafanya kila siku na hawaoni kama ni risk. Nani ako na kitu?"

Kisha Mukonyo, aliyekuwa nyumbani kwake Kinoo, amekaa kitandani na kompyuta mapajani, akasema, "Wazee wetu hubariki kwa mate."

Komal akashika kichwa kwa mikono miwili. "Stop. Hiyo ndiyo! Muki, hiyo ndiyo!"

Kusifiwa kazini ni kutamu, nani asiyejua? Kufikia jioni alikuwa amelimaliza tangazo: mzee akitema "ptu", mtoto akikohoa, mama akilia, halafu sauti ya mwanamke, ya upole na nzito: "Mzee, baraka yako isiwe msiba. Ukiwapenda, kaa nao mbali." Alilisoma mwenyewe, kwa Kiswahili na kwa Kikamba, akiwa amejifunika blanketi ili mwangwi usiingie. Lilipigwa redioni mara nane kwa siku, kwa miezi mitano. Na katika kulitunga lote, huu ndio ukweli uliokuja kumla baadaye, hakumfikiria baba yake hata mara moja. Aliwafikiria wazee. Baba yake hakuwa wazee, alikuwa Baba.

Jumamosi moja baadaye alifika Mutuini na unga na sukari, akakuta kamba ya kuanikia nguo imefungwa kutoka kwenye mparachichi hadi nguzo ya lango. Upande wa nje palikuwa na kigoda. Mzee alikuwa kibarazani, barakoa imempanda mpaka chini ya macho.

"Weka hapo, mwaitu," alisema. Alikuwa akimwita mwaitu, yaani mama, kwa kuwa Mukonyo ndiye aliyebeba jina la mama mzazi wa mzee. "Nitachukua ukishaenda."

Mukonyo alicheka, na kusema kweli alifurahi. Wazee wa wenzake walivaa barakoa kidevuni kama ndevu. Wake alikuwa mfano wa kuigwa. Alimsimulia Komal, na Komal, asiyeachia jambo zuri lipite, akatuma mtu wa kamera. Mzee alivaa koti lake la posta, akasimama nyuma ya kamba yake na kusema, "Mimi niliambiwa na mtoto wangu. Sikungoja kuambiwa mara mbili." Video hiyo ilipoonyeshwa, ofisi nzima ilipiga makofi, na Mukonyo naye akapiga. Alidhani ni maneno ya kunogesha tu.

Mwaka uliofuata, mtihani ulipofika, Wamucii alimpigia simu. Huyo ndiye jirani aliyekuwa akimletea mzee maziwa.

"Mukonyo, baba yako kukataa maziwa mkononi, hiyo tumezoea. Lakini sasa hata salamu haitikii. Jana mjukuu wangu amekuja na kalamu yake, mzee akaingia ndani akafunga mlango. Nikamsikia analia. Mtu mzima, Mukonyo! Kuja uone."

Mukonyo alimwendea, akakaa kwenye kigoda chake nje ya kamba, akamuuliza kama anakula na kama analala. Mzee akajibu kwamba anakula na analala. Basi akamwachia karatasi yenye namba ya ushauri nasaha, ile ile aliyoiweka yeye mwenyewe kwenye bango lililoandikwa, "Zungumza na mtu." Kinyozi hajinyoi, lakini huyu hata kichwa kilichokuwa mbele yake hakukiona. Karatasi aliikuta mwezi uliofuata pale pale, imelowa mvua.

Machi 2022 serikali ikaruhusu watu wavue barakoa nje. Mji ulirudi kwenye kelele zake, watu wakakumbatiana kama waliotoka vitani. Mukonyo akakimbilia Mutuini.

"Baba, imeisha! Serikali imesema tuvue."

"Serikali imesema," alijibu mzee. "Wewe hujasema."

"Si ndiyo nasema sasa?"

"Hujasema redioni."

Mukonyo alicheka. Mzee hakucheka.

Jumatatu alimwomba Komal watengeneze tangazo la kuwarejesha wazee. Komal alimsikiliza mpaka mwisho, maana hakuwa mtu mbaya. Babu yake mwenyewe, Rasiklal, alikufa kwa ugonjwa ule, mwili wake ukateketezwa familia ikitazama kwenye simu, na tangu hapo Komal hakuwahi kurudi kuwa yule wa zamani.

"Muki, project ilifungwa," alimwambia taratibu. "Sasa tuko na vyandarua. Na by the way, si behaviour ilichange? Hiyo ndiyo ilikuwa win yetu."

Ilikuwa kweli. Walikuwa wamelipwa kuwapeleka watu mahali, na hakuna aliyekuwa ameandika tangazo la kuwarudisha. Mukonyo akaenda nyumbani, akajifunika blanketi lile lile, akarekodi kwenye simu yake: "Mzee, sogea sasa. Wanao wanakungoja." Akaipeleka Mutuini na kuicheza pale kwenye kamba. Baba yake aliinamisha sikio akasikiliza yote.

"Sauti ni yako," alisema. "Lakini hii imetoka mfukoni mwako. Ile nyingine ulinitumia kwa njia yake, ya redio."

"Nilikutumia? Baba, ile ilikuwa ya watu wote!"

"Mwaitu, nimepanga barua miaka thelathini na moja. Sijaona ujumbe usio na mwenyewe. Sauti yako, Kikamba cha nyumbani kwetu, na jambo ambalo hapa Mutuini ni mimi nilikuwa nikilifanya. Ulitaka uandike na jina langu? Sikukasirika. Nilijua unaona haya kuniambia usoni. Tangu siku ile ya sketi."

Mukonyo akakaa kwenye kigoda. Siku ya sketi aliikumbuka vizuri. Alikuwa na miaka kumi na mitatu, asubuhi ya mtihani wake, rafiki zake wakimngoja langoni. Baba alimtemea kiganjani, akambariki. Yeye, kwa aibu ya wasichana wa umri ule, akageuka na kukifuta kiganja nyuma ya sketi ya shule, haraka haraka. Robo karne nzima alikuwa akiamini kwamba baba hakuona.

"Haikuwa wewe, Baba," alisema huku akilia. "Nakuapia. Nilipoandika lile tangazo, sikukufikiria hata kidogo."

Akajisikia akiyasema maneno hayo, akaona hayana afadhali yoyote. Mzee Kiilu alitikisa kichwa polepole, kama karani aliyeletewa barua ya mtu mwingine.

"Basi sawa," akasema, na kuingia ndani.

Mwezi wa Juni alianguka bafuni. Hospitalini hawakumkuta na ule ugonjwa. Aliukwepa mpaka mwisho, maskini, kuliko watu wote ninaowajua. Daktari alisema ni moyo uliochoka, na kwamba mwili wake ni wa mtu ambaye hajala vya kutosha kwa muda mrefu. Akamwambia Mukonyo akae naye nyumbani. Mukonyo aliomba likizo, akakata ile kamba kwa kisu cha jikoni na kuhamia chumba chake cha utotoni. Mzee hakuwa na nguvu za kumfukuza, ila barakoa alikataa kuivua, na chupa ya sanitaiza ililala karibu na mto wake.

Alhamisi alasiri, pumzi zake zilipoanza kuwa fupi, Mukonyo alipiga magoti kando ya kitanda. Akakunja mikono ya sweta, akainua viganja.

"Baba, nibariki. Nina safari."

"Ya wapi?"

"Ya kubaki bila wewe."

Mzee akaivuta barakoa kwa kidole kimoja, na kwa mara ya kwanza katika miaka miwili binti yake akauona mdomo wake. Ulikuwa umeingia ndani na midomo imepasuka. Alijaribu, hakikutoka kitu. Mukonyo akamnywesha maji kwa kijiko, vijiko vitatu, akarudisha viganja palepale. Mara ya pili tone likatoka, dogo kuliko machozi, likatua katikati ya kiganja cha kulia.

"Mungu akutangulie, mwaitu."

Mukonyo alianza kuuinua mkono ili ajipake kifuani. Lakini hofu ilikuwa imeshamrudia mzee. Macho yalimtoka kama mtu aliyekumbuka ameacha jiko likiwaka, mkono ukapapasa kando ya mto, na kabla binti hajajua anataka nini, akaibonyeza ile chupa juu ya kiganja chake, mara ya kwanza na ya pili.

"Sugua."

"Baba, tafadhali. Iache ikae."

"Sugua, mwanangu. Ulisema sekunde ishirini."

Angeweza kukataa. Angeweza kufunga ngumi na kukimbilia nje, na ile baraka ingekuwa yake. Lakini alimwona jinsi anavyotetemeka, akajua kwamba akikataa, baba yake atakufa akiamini amemuua. Akasugua. Alisugua katikati ya vidole na nyuma ya viganja, jinsi alivyowafundisha watu wa nchi nzima, huku mzee akihesabu kwa midomo, moja, mbili, tatu, bila kuruka hata moja. Alipofika ishirini, viganja vilikuwa vikavu kabisa, vikinuka hospitali.

Mzee Kiilu akaipandisha barakoa yake, akashusha pumzi.

"Vizuri," alisema. "Sasa uko salama."

Akafumba macho. Mukonyo alibaki amepiga magoti, viganja juu, akilitamani hata lile doa la kwenye sketi.