Sanda ya Mama Garini

Mama alifariki Sur, huku Omani, alfajiri ya Jumatatu, na sanda yake ilikuwa kwangu mie, Nizwa, kabatini, imefungwa ndani ya kanga. Aliinunua mwenyewe Makka, akaiosha kwa zamzam, akaianika juu ya paa la hoteli na kukaa pembeni kuilinda kama mtu aliyeanika papa na paka wako karibu. Aliporudi akanikabidhi mie, si dada yangu Fakhriya aliyekuwa akikaa naye. "Fakhriya mwoga wa mambo haya," akasema. "Weka wewe, Huwaida. Siku yangu ikifika nivishwe hii, nisivishwe nyengine." Nikacheka, nikamwambia awache maneno hayo, kwanza atatuzika sisi. Miaka sita ikapita.

Basi alfajiri hiyo kaka yetu Himid akanipigia simu. Nikalia weee, kisha ndiyo nikasikia aliyokuwa akiyasema: Mama ataoshwa adhuhuri, atasaliwa alasiri. "Sanda ifike kabla ya saa nane," akasema. "Ikichelewa nanunua dukani. Siwezi kumweka Mama na jua hili la Juni." Himid akisema kitu, kimekwisha. Nikaitoa sanda kabatini, nikaipakata.

Khalaf, mume wangu, ndiye aliyeendesha. Gari yetu ilikuwa haijatimiza mwaka, ile ya kisasa isiyotiwa ufunguo: unao mfukoni tu, unabonyeza kitufe, inawaka. Ilikuja na funguo mbili. Mmoja niliupoteza mie, sijui vipi, sokoni Nizwa siku ya mnada wa mbuzi, na tangu siku ile nyumba haikukalika. Wakala wa Maskati alitaka karatasi za gari, akataka kitambulisho cha Khalaf, akasema ufunguo unaagizwa Ujapani, na ukifika gari nayo ipelekwe kwake ifundishwe kuujua. "Ifundishwe?" nikamwuliza Khalaf. "Inatiwa chuoni?" Hakucheka. Ilikuwa wiki ya saba na ufunguo haujaja. Ule uliobaki aliutia mfukoni mwa kanzu yake, akaapa kwamba mkono wangu hautaugusa tena.

Saa tano na robo tukafika Ibra. Pale ilikuwa lazima tumchukue shangazi yake, Bi Kaltham, mtu mzima asiyeweza kutembea, shoga wa Mama tangu Unguja. Tukamkuta hajavaa, anatafuta dawa zake. Khalaf akatazama saa. "Tangulia wewe na sanda," akaniambia. "Mie nitamleta kwa gari ya mwanawe." Akashuka, nikahamia kwenye usukani, nikaiweka sanda kiti cha nyuma, nikaondoka. Injini haikuzimwa. Huku kwetu nani anazima gari? Mtu ananunua mkate, anakunywa chai, anaamkia ukoo mzima, na gari iko nje inanguruma na kiyoyozi chake.

Gari ikalia, ti-ti-ti. Sikujali. Gari za huku zinalia kwa kila kitu. Mkanda zinalia, mlango zinalia, na ukipita mia na ishirini kengele inakulilia mpaka upunguze. Tumeshakuwa viziwi sote. Nami nilikuwa nakwenda mia na arubaini, namlilia Mama, kengele inalia na mie nalia. Mbele yangu, penye mishale, ikawaka picha ya manjano ya ufunguo. Nikaiambia, haya, na wewe una lako leo!

Karibu na Al Kamil ikawaka taa ya petroli. Nikaingia kituoni. Mtia petroli, Mmalabari mmoja mpole kutoka Bara Hindi, akakataa kutia mpaka nizime injini. Nikazima. Alipomaliza nikashuka na simu yangu mkononi kwenda kunawa uso, maana macho yalikuwa hayaoni tena. Nikabana kufuli ya mlango kwa ndani, ile inayofunga milango yote, nikaubamiza, kama nilivyozoea kwenye gari yetu ya zamani. Niliporudi nikavuta mlango, haukufunguka. Nikavuta wa pili. Wa tatu. Kiooni nikaiona kanga nyekundu ya Mama, imekaa kiti cha nyuma kama abiria.

Ilikuwa saa sita u nusu. Nikampigia Khalaf.

"Khalaf, gari haifunguki."

"Shika mkono wa mlango tu, itafunguka yenyewe."

"Nimeshika, nimevuta, mkono wa mlango karibu utang'oka! Ufunguo umeuweka wapi?"

"Si umo humo humo, kwenye..." Nikasikia anajipapasa. "Lahaula! Ninao mie." Kumbe gari hii ikishawaka inakwenda tu hata ufunguo ukibaki nyuma, mpaka uizime.

Nikamwambia maneno ambayo mke hamwambii mumewe, tena mbele ya watu. Mmalabari akageuka akaanza kufuta mashine yake.

"Naja nao," akasema Khalaf. "Shangazi ameshavaa, sasa hivi tunampandisha."

"Utafika saa ngapi?"

"Saa nane. Labda nane u nusu."

"Saa nane Himid anakwenda dukani!"

"Huwaida, nisikilize vizuri. Kioo usikiguse. Kioo nacho kitaagizwa. Ufunguo umepoteza wewe, na gari sasa unataka kuivunja wewe? Ningojee."

Nikampigia Himid. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Maji yameshatiwa, Huwaida. Watu wanakuja, kaburi limechimbwa. Mie saa nane natoka." Akakata simu.

Mmalabari akanionea huruma, akamwita fundi wa funguo wa duka la pili. Fundi akaja na sanduku lake, akaizunguka gari kama anayemtazama ng'ombe mgonjwa. "Za maduka nachonga," akasema, "za gari za zamani nachonga hapo hapo umesimama. Hii ina kompyuta. Nikikuchongea haitawaka." Nikamwambia, ndugu yangu, sitaki iwake, nataka mlango! Akaingiza waya penye mpira wa mlango. Dakika ishirini anahangaika, jasho linamtiririka, waya unateleza, na mie nimesimama juani nahesabu dakika na kusoma kila dua niijuayo. Mara gari ikapiga yowe, taa zinawaka na kuzima. Fundi akafunga sanduku lake akaenda zake.

Nikakaa chini pale pale kwenye saruji. Nilikuwa nimeshindwa, na aibu imenijaa. Mama alinipa kazi moja tu duniani.

Palikuwa na pikapu inatiwa petroli, imebeba majani ya mbuzi. Mwenyewe ni mzee wa Al Kamil, jina lake Musallam, na mkewe Turkiya amekaa kando yake. Turkiya akashuka akaniinamia, akauliza kwa Kiarabu nalilia nini. Nikamweleza. "Sisi tunakwenda Sur," akasema. "Panda twende." Nikamwambia siwezi kwenda mikono mitupu, sanda ya mama yangu imo mle ndani. Akamtazama mumewe. Musallam akaitazama gari, akanitazama na mie. "Sasa unangoja nini?" akasema. Akatoa nyuma ya kiti chake spana ya magurudumu, akanipa. "Gari yako. Piga wewe."

Wallahi naliuona uso wa Khalaf waziwazi, nikasikia atakavyosema, na atakavyoendelea kusema mpaka tuzeeke. Nilikuwa namwogopa, nisiseme uongo. Nikapiga. Spana ikadunda. Nikapiga tena kwa nguvu zangu zote, na kioo chote kikamwagika ndani. Ndipo nikaona nilichokifanya, mjinga mie: nimevunja dirisha lile lile lililo juu ya sanda, badala ya la mbele. Nikaivuta kanga, nikaikung'uta juu juu, nikajibana pikapuni pamoja na Turkiya. Nyuma yetu gari ilikuwa bado inapiga mayowe na Mmalabari kajishika kichwa.

Njia nzima Musallam aliendesha bila kusimama popote. Tulifika saa nane kasoro dakika tano. Himid alikuwa mlangoni anavaa makubadhi. Akaiona kanga mikononi mwangu, akayavua, akakaa kizingitini akalia kama mtoto.

Ndani Mama alikuwa ameshaoshwa. Fakhriya ndiye aliyemwosha, yeye na majirani wawili. Alikuwa amerowa mpaka viwikoni, na hakuwa na woga wowote usoni. Tukatandika mkeka, nikafungua fundo la kanga.

Chembe za kioo zikamwagika. Ndogo ndogo, mfano wa chumvi ya mawe, zimeingia kwenye kila mkunjo. Majirani wakashika vinywa. Tukaikung'uta nje uani, mara moja, mara mbili, tukaitandika. Nikapitisha kiganja, kikanichoma. Nikakitoa kichembe, nikapitisha tena, nikachomwa pengine.

Himid akagonga mlango. "Wanaume wamejaa, jamani! Haya!"

"Huwaida, inatosha," akasema Fakhriya. "Mama hasikii maumivu tena."

"Nipe dakika tano."

Viganja vyangu vilikuwa vimeshakufa ganzi, sikuviamini. Nikavua buibui, nikabaki na gauni langu jepesi. Nikalala juu ya sanda chali, mgongo wote, pale pale atakapolala yeye, nikajisogeza taratibu kutoka upande huu mpaka ule. Kimoja kilinichoma begani. Fakhriya akakitafuta akakitoa. Nikalala tena. Kimoja kiunoni. Akakitoa. Himid akagonga tena. Nikalala mara ya tatu, nikatulia, nikangoja kuumia, na sikuumia popote.

"Mleteni," nikasema.