Pazia Limenijibia

...na nzi naye, nyumba zote hizi za mtaa kaona goti langu ndilo kiti, tembea baba, jinafasi, mimi leo siinui hata kope, nimekaa kwenye kochi kama gunia la mkaa na kile kimacho cha ukutani kinanikodolea taa yake, kijani, kijani bado, fundi alisema kikikaa muda bila kuona kitu kinachotikisika taa itageuka nyekundu, na ikidumu nyekundu ndipo kitampelekea binti yangu ujumbe huko kazini kwake, mama yako hatikisiki, na si vinginevyo... Asubuhi fundi huyo alikuja kukifuta vumbi, kijana wa watu, adabu anayo, akili ya kunyamaza hana, kanikuta na gauni la kutokea na hereni masikioni, bibi safari ya wapi leo, siendi popote, najiweka sawa mwanangu asinione kama jini, nikakigeukia kimacho nikasema, wewe, leo hata kuniamkia hutaki? Akacheka mpaka kitambaa kikamdondoka. “Bibi, unaongea na nani? Humo hamna mtu. Dada alilipia kile kifurushi cha bei ya chini, hakina sauti, hakina picha. Inayotazama ni mashine. Ukipita mbele yake, basi, dada haambiwi kitu.” Haambiwi kitu... na mimi tangu mvua za kwanza naongea na ukuta, nimeuamkia, nimeusuta, nimeupandishia gauni nikauonyesha mguu, tazama mwanangu ulivyovimba, ukiubonyeza unabaki shimo kama unga uliokandwa, halafu nikangoja. Nikangoja aje. Hakuja, nikasema kumbe moyo wake jiwe, kaona kanyamaza, nikamnunia, na kila akipiga simu, mama hujambo, sijambo, na mguu je, ule uliokusumbua zamani, mzima kama wa punda, hivyo hivyo namjibu, kwa kumkomoa, nikijua anajua, nikimsubiri aone haya... naye kumbe huko anashukuru Mungu, mama yangu chuma. Chuma! “Si umpigie tu, bibi, simu hiyo hapo mezani.” Wee! Nimpigie nimwambie nimekuwa nikiuonyesha ukuta mapaja? Acha mashine yake imwambie, si ndiyo aliyoiajiri, pesa yake inalika kila mwezi, basi leo ifanye kazi... Alipokuwa mtoto, mimi nilikuwa nafua uani, yeye ndani anacheza na vifuniko vya sufuria, akinyamaza tu naacha povu mikononi nakimbia, namkuta kweli anachemka homa, kimya chake nilikisoma mwenyewe, darasa langu la saba lilitosha, hakuna aliyeniuzia kifurushi... Tulia mguu, usianze kuniwasha sasa. Nyekundu! Haya, nyekundu, kaa hapo hapo, mwambie, mwambie, sasa hivi anashtuka, anaacha kiti kinazunguka, anatafuta viatu... ah. Upepo. Pazia limepunga pale dirishani, pazia lenyewe tulilochagua naye, akasema mama hili jepesi litakupa hewa, na taa kijani. Nimejibiwa. Pazia limenijibia, mama mzima, anatembeatembea sebuleni. Niende nikafunge dirisha? Nikisimama si ndiyo nimeshaonekana, nianze upya... na tena limepunga, lina afya hilo, litaishi. Kwa hiyo siku yenyewe ikifika, nimelala hapa hapa mdomo wazi, huyu nzi kaleta ukoo wake mzima, pazia litapunga na mimi nitakuwa sijambo, wiki itakatika niko sijambo, mpaka jirani asikie harufu... Nani alimfundisha yule mtoto kuridhika na sijambo? Mimi. Kwa kinywa hiki. Mashine imeiga kwa mwalimu. Simu ile, kuifikia ni mkono tu, akisema mama hujambo nitasema... si... sij... ona, ulimi unateleza wenyewe, umezoea njia kama mbuzi wa jioni. Tena, kizee. Mguu, mwanangu. Anza na mguu. Mguu wangu umevimba na naogopa... la, naogopa iache, itoke siku nyingine... naogopa, mwanangu... namwambia nzi kwanza, nione kama inasemeka, mkono bado uko pajani, na pazia linaitikia, na taa kijani.