Ukiitwa, Nyamaza

Fundi cherehani na jirani yake walikuwa hawapikiki chungu kimoja tangu siku walipogombea kamba ya kuanikia nguo. Jirani alikuwa mfuaji wa mashuka hospitalini, mama asiye na mume wala ndugu wa karibu. Kila asubuhi alimwacha bintiye wa miaka mitano peke yake chumbani, akatia kufuli kwa nje, akaenda kazini. Fundi alimbandika jina, Mama Kufuli, na alilitamka kwa sauti makusudi ukuta uliowatenganisha usikie.

Siku moja alimsimamisha uani mbele ya wapangaji wote. Akamwambia akimfungia mtoto tena atamshtaki kwa watu wa ustawi wa jamii, waje wamchukue mtoto wampe mtu mwenye akili. Ulimi hauna mfupa. Mama Kufuli akaingia ndani, na kesho yake kufuli lilikuwa pale pale.

Pamoja na ubishi wake wote, fundi alimsikiliza yule mtoto kutwa, wala hakutumwa na mtu. Alishona huku sikio moja liko ukutani. Mtoto aliimba, akaburuta kigoda, akamgombeza mwanasesere wake kwa maneno ya mama yake. Akinyamaza sana, fundi alisimamisha cherehani mpaka asikie kitu kinaanguka, ndipo akaendelea na kazi.

Wiki moja baadaye mvua ilinyesha tangu alfajiri. Fundi alimwona jirani akiingiza jiko la mkaa ndani, kisha akatoka mbio na kufunga mlango. Kufika saa nne hakuna wimbo, hakuna kigoda. Fundi akagonga ukuta, kimya. Akaenda mlangoni, akaita kwa upole, akaita kwa ukali, akabisha mpaka vidole vikamuuma. Akalifikiria lile jiko na dirisha lililofungwa, akakumbuka kwamba hewa ya mkaa huua watu usingizini. Akaazima nyundo kwa mshona viatu wa ng'ambo ya barabara na kulipiga kufuli mpaka likang'oka pamoja na komeo.

Jiko lilikuwa la baridi, limejaa majivu. Mtoto alikuwa uvunguni, macho kodo, kiganja mdomoni.

Mama Kufuli alipigiwa simu na mshona viatu, akafika akichuruzika maji. Alimkagua mtoto kichwani mpaka miguuni, kisha akamgeukia fundi. Fundi akamuwahi.

"Nimemwita nusu saa nzima. Mtoto gani anaitwa haitiki?"

"Nimemfundisha mimi," alisema mama. "Ukiitwa na yule fundi, ingia uvunguni, nyamaza. Atakuja na watu wakuchukue."

Fundi akasema tu kwamba shukrani ya punda ni mateke, akatoka. Aliona haya, kwa sababu alijua maneno yale ameyapanda mwenyewe.

Asubuhi iliyofuata mlango ulikuwa haufungiki. Mama Kufuli alisimama mlangoni pa fundi, kamshika mtoto mkono, salamu hakuna. "Umevunja wewe, kaa naye wewe," akasema, akaenda zake.

Fundi alimkalisha mtoto juu ya robota la vitambaa, akamwekea chai na mkate. Mtoto akameza mate, akaficha mikono nyuma.

"Mama amesema chako nisile."

Fundi alitoka mbio bila viatu, akamkuta jirani kwenye kona. Alitaka kumwomba radhi, akaishia kuomba jingine.

"Rudi, mdogo wangu, umwambie mwanao ale. Mimi haniamini."

"Mimi si mdogo wako," alisema jirani. Lakini alirudi. Akasimama mlangoni bila kumtazama fundi, akamwambia bintiye, "Kula."

Mtoto hakugusa mkate. "Na huyu akiniita, niitike?"

Mama alichelewa kujibu, na kazini pia alikuwa ameshachelewa.

"Itika," akasema, akaondoka bila kuaga.