Shule ya Kulinganisha

Chaki zilikwisha kabla ya Pasaka, na tangu hapo Mwalimu Paskalia alikuwa akiandikia muhogo mkavu. Asubuhi hiyo muhogo nao ulikuwa umeshika unyevu. Ukungu ulishuka mlimani ukaingia darasani kupitia madirisha yasiyo na mbao, ubao ukatoa jasho, na kila tarakimu aliyoandika ilichuruzika. Watoto wa darasa la nne walikaa juu ya matofali, wamebanana, wengine wamejifunika magunia. Nyuma yao, kwenye kiti pekee chenye egemeo, alikaa mtafiti.

Alikuwa kijana wa chuo kikuu, jina lake Eric, mpole, buti zake zimejaa matope ya njia ya kupandia kutoka Kinole. Alichunguza jinsi walimu wanavyoendelezwa kazini. Alikuwa amechagua shule za aina mbili. Za kwanza ziliitwa shule za mafunzo: walimu wake walikwenda Mkuyuni kusomeshwa njia mpya za kufundishia. Za pili ziliitwa shule za kulinganisha. Walimu wake hawakusomeshwa kitu. Kazi yao ilikuwa kubaki walivyo, ili ijulikane wenzao wamesogea umbali gani. Utafiti ukiisha, waliambiwa, nao watapata mafunzo hayohayo na cheti.

Shule ya Paskalia ilikuwa ya kulinganisha.

Yeye alikuwa mmoja wa wale waliomaliza la saba wakakabidhiwa darasa, enzi zile nchi ilipotaka kila mtoto asome na walimu hawakutosha. Asubuhi alifundisha, mchana alifundishwa. Sasa zilikuwa zama za soko huria, serikali ilikuwa inapunguza wafanyakazi, na mratibu wa elimu alikuwa ameshapita kutangaza kwamba mwalimu wa Daraja C, ngazi ya chini kabisa aliyokuwa nayo Paskalia, asiye na hata cheti kimoja cha kujiendeleza atakuwa wa kwanza kurudi shambani. Paskalia hakuwa na shamba la kurudia. Shamba la ukoo wa mama yake, mjomba alikuwa amelikodisha kwa mfanyabiashara wa machungwa wa Mwembesongo. Mumewe alikuwa marehemu. Nyumba nzima, mama yake aliyepooza na watoto wake, ilikula mshahara huo mmoja.

Kwa hiyo alijitafutia njia. Jumamosi aliteremka Mkuyuni kwa Regina, waliyeanza naye kazi, ambaye shule yake ilikuwa ya mafunzo. Regina alichambua mchicha huku akimweleza yote aliyosomeshwa: jinsi ya kuwaweka watoto katika makundi, jinsi ya kungoja jibu bila kushika fimbo, jinsi ya kufundishia vitu vinavyookotwa barabarani. Paskalia alirudi kilimani akisali rozari, na kati ya fumbo na fumbo alirudia yale aliyoyasikia ili yasimponyoke.

Mtafiti alikuwa amemwambia afundishe kama siku zote. Paskalia hakumwamini. Kila mkaguzi aliyewahi kuketi nyuma ya darasa lake alianza kwa maneno hayohayo, na ole wake mwalimu aliyeyatii. Mgeni akija na kalamu, unavaa kitenge kizuri, unaandaa zana, unaonyesha uwezo wako wote. Ndivyo walivyolelewa kazini.

Basi aliutupa muhogo, akagawa vizibo vya soda. Watoto wakageukiana. Wakatenga nusu, wakatenga robo, wakabishana. Mwanvita, binti wa muuza viungo, ambaye tangu la kwanza hakuwahi kusikika akisema zaidi ya “nipo,” alisimama akawaeleza wenzake kwa nini robo mbili ni nusu. Mwishoni mtafiti aligawa jaribio lake fupi. Walilimaliza upesi.

Kisha akamwomba Paskalia waende ofisini. Mwalimu mkuu, Mzee Twalibu, alikuwa humo akingoja habari njema.

“Mwalimu, njia hii umeipata wapi?” Eric aliuliza.

Paskalia alimweleza yote, kwa furaha, na jina la Regina akalitaja ili naye asifiwe.

Kijana aliweka kalamu chini. Hakukasirika. Afadhali angekasirika.

“Wewe ndiye kipimo, mama. Kama na wewe unajua, tutajuaje kwamba mafunzo yanasaidia?”

“Si umeona watoto wameelewa?”

“Nimeona. Ndiyo shida yenyewe.”

Alieleza taratibu, kama mtu anayetoa pole. Shule iliyochanganyika, ya kulinganisha lakini imeonja mafunzo, haiwezi kuhesabiwa. Itabidi itolewe kwenye utafiti, na shule iliyotolewa haimo katika mafunzo yatakayofuata. Si yeye aliyepanga. Na yeye ana wakubwa wake, na wakubwa wake wana wafadhili.

Mzee Twalibu akajisogeza. Aliomba, akabembeleza, akataja paa la shule ambalo wafadhili waliahidi kulitazama. Mwishowe Eric akasema anaweza kutoiandika siku ya leo, kana kwamba mvua ilimzuia kupanda. Angerudi wiki ijayo. Mwalimu afundishe somo lilelile kwa namna ya zamani.

“Nikifanya hivyo nitapata cheti?” Paskalia aliuliza.

“Matokeo yakiwa mazuri, wafadhili wataendelea kutoa fedha.”

“Mazuri ya namna gani?”

“Yakionyesha tofauti.”

Ilimchukua muda kuelewa. “Yaani watoto wangu wafeli.”

Eric alitazama buti zake. Aliyejibu ni Mzee Twalibu. “Wamefeli miaka yote, mama, hukupewa hata ahsante. Safari hii angalau wanafeli kwa faida.” Akacheka, akakohoa.

Jumapili Paskalia alipiga magoti kanisani, na baada ya misa alibaki. Alizoea kumwomba Mungu amsaidie kufundisha vizuri. Sasa alitafuta maneno ya kumwomba amsaidie kufundisha vibaya, akayakosa. Mwishowe alimtajia tu majina ya watoto aliowazaa, akaondoka.

Wiki iliyofuata mtafiti alikuja. Watoto walipomwona waligeukiana wenyewe, wakangoja vizibo.

“Tazameni mbele,” alisema Paskalia.

Akaandika. Akasoma, wakaitikia. Nusu ni kubwa kuliko robo. Tena. Nusu ni kubwa kuliko robo. Sauti zao zilipanda na kushuka kama za watu wanaotwanga. Mwanvita alisimama.

“Mwalimu, kwa sababu robo mbili...”

“Nani kakuita?”

Msichana alibaki amesimama, bado anatabasamu, akidhani ni sehemu ya somo. Nyuma ya darasa kalamu ilisimama. Paskalia alichukua fimbo mezani, akaenda, akamchapa moja mguuni. Msichana aliketi. Darasa likaitikia bila kuambiwa, na kalamu ikaendelea kuandika.

Kisha mtafiti aligawa jaribio. Jambo moja Paskalia hakulitazamia: alichokuwa ameshawapa watoto wiki iliyopita hakikuweza kurudishwa kwa somo moja baya. Alipita kati ya matofali kama wasimamizi wa mitihani wanavyopita. Tofali hadi tofali, majibu yalikuwa sahihi. Yaliandikwa kwa penseli butu, herufi zimepinda, lakini sahihi.

Alimfikia Mwanvita. Mguu wake ulikuwa na alama. Karatasi yake haikuwa na kosa hata moja.

Paskalia aliinama. Aliweka kidole juu ya jibu la kwanza.

“Futa,” alinong'ona.

Msichana alimtazama.

“Futa, mwanangu. Andika jingine.”

Nyuma, Eric aliinuka akaenda dirishani, akasimama huko akiutazama ukungu, ameligeuzia darasa mgongo.

Mwanvita alilowesha kidole kwa mate, akasugua mpaka karatasi ikatoboka. Akafuta la pili. Kisha akamgusa jirani yake begani, akamwonyesha pa kufuta.