Kibuyu cha Maji ya Unguja

Mzee Mageni alikipakata kibuyu kama mtoto mwenye homa, na mwanawe Shaaban, aliyeketi ubavuni pake juu ya magunia matupu, alikuwa akimwomba Mungu kipasuke.

Lori lilikuwa likitoka Geita kwenye machimbo ya dhahabu, likirudi Shinyanga. Kila gurudumu lilipoingia shimoni, Shaaban alijiachia kidogo amwangukie baba yake, eti bahati mbaya. Wapi! Mzee alikuwa amekiziba kibuyu kwa gunzi na kukikaza kwa ukanda wa ngozi.

"Nipe nikushikie, baba. Mikono imechoka hiyo."

"Ya nani? Yangu haijachoka."

Kibuyu chenyewe kilitoka kwa Maige, jirani yao wa Samuye, mtu asiyekubali jambo mpaka aliguse. Siku ya safari alikileta hadi mjini, mbele ya watu, akasema, "Mageni, unakwenda Unguja kwa wakwe wa mwanao. Niletee maji ya bahari nionje. Wapagazi wa zamani walisema ni chumvi tupu, hata ng'ombe hayanywi. Nikiyaonja ndipo nitaamini kuwa huyu mwanao alifika huko." Watu walicheka. Shaaban alicheka kuwashinda wote.

Tabu ni kwamba Shaaban hakuwahi kuitia Unguja machoni. Alizaliwa Samuye akaitwa Makoye, akalikimbia zizi la baba yake angali kijana, akaishia Tabora akiosha vikombe katika mgahawa. Huko alisilimu, na dini aliishika kweli, tusimsingizie. Huko pia aliwasikiliza wasafiri wa pwani wakizitaja karafuu, nazi na mchanga mweupe, huku povu likimkauka mikononi. Aliporudi na kuhamia Shinyanga mjini, kanzu yake ikimeremeta, mtu mmoja alimwuliza, "Bwana ni wa Unguja?" Naye akatabasamu tu. Uongo wake wa kwanza haukuwa hata na neno. Maneno aliyatia baadaye: mke aliyefia huko, wakwe wenye baraza, shamba la mikarafuu. Watu wa mjini wakawa wanamwita harusini awaambie lipi ni adabu ya pwani na lipi ni ushamba. Nani angeshuka mwenyewe kutoka kwenye kiti kama hicho?

Ndipo baba yake akauza dume. Dume lake la pekee la kulimia! Akaja mjini na fimbo yake, akasema, "Makoye, nipeleke nikawaone hao wanaokuheshimu. Nile nao chakula chao, kisha nife nikipenda."

Mwenye akili angekiri palepale. Shaaban alimtumia salamu rafiki yake Akida, mnunuzi wa samaki aliyekaa katika kisiwa kimoja cha Ziwa Nyanza, mbele ya Geita: niwie shemeji siku mbili tatu, nitakueleza. Kisha akampandisha baba yake kwenye lori la kwenda magharibi, eti ndiyo njia ya Unguja. Asubuhi ile mzee alilitazama jua, akalitazama lori linakoelekea, akajifunika mgolole wake, akakaa.

Wakavuka kwa mtumbwi, na kisiwa kilikuwa kizuri, hilo halina ubishi. Mchanga ulikuwa mweupe, na mzee alivua makubazi yake ya ngozi akautembelea huku akicheka peke yake. Mwahija, mkewe Akida, alipika pilau na kukaanga sato wakubwa. Vijana wakapiga dufu uani. Mzee alikula akalamba vidole, akataka kujua jina la kila kiungo. Alipomaliza kunawa, aliinuka, akawashika mikono Akida na mkewe, mmoja mmoja, kwa mikono yake yote miwili.

"Ahsanteni," alisema kwa Kiswahili chake kizito. "Ahsanteni kunilelea mtoto."

Mwahija alikimbilia jikoni. Shaaban alipomfuata alimkuta amempa mgongo.

"Shemeji, pilau nitakupikia hata mwezi. Lakini shukrani za mzee yule usinibebeshe tena. Zinaniunguza."

Kesho yake, baba na mwana walikuwa ufukweni ili kibuyu kijazwe, mara ng'ombe wa kisiwani wakateremka. Wakaingia majini hadi magotini, wakainamisha vichwa, wakanywa. Walikunywa kwa raha zao, mikia ikipunga. Shaaban akawapigia makofi waondoke, wasijali. Mzee aliwatazama kwa muda mrefu, kama mchungaji anavyotazama mifugo ya mwenzake.

"Ng'ombe wa huku wamezoea," alisema. Akachutama, akachota.

Basi ndicho kibuyu hicho kilichokuwa kwenye lori. Walipofika Segese dereva akasimama kuongeza maji kwenye injini, na mzee akaomba anunuliwe chumvi ya mawe kwa ajili ya ng'ombe wake. Shaaban alinunua bila kufikiri. Mawazo yake yote yalikuwa kwa Maige. Mzee akashuka kujisaidia, na kibuyu akaenda nacho hadi vichakani. Mtu gani huyu, Shaaban alijisemea, haachi maji hata haja ikimbana!

Samuye walipokelewa kwa vigelegele. Maige hakungoja hata wageni wakae. Alifungua ukanda, akang'oa gunzi, akapiga funda. Shaaban aliinama akaangalia vidole vya miguu yake.

Maige akatema. "Lo! Chumvi! Chumvi tupu!"

Kibuyu kikapita mkono kwa mkono, kila mtu akikunja uso na kucheka. Shaaban hakuelewa. Maige akamjia, akamshika bega.

"Tusamehe, Shaaban. Tulikuwa tukikusema. Mimi ndiye niliyekuwa nikikusema zaidi."

Akampa kibuyu. Shaaban alikunywa, na kwenye ulimi wake zikabaki chembe ngumu ambazo hazijayeyuka. Akazitafuna. Aibu ilimpanda kutoka nyayoni mpaka masikioni, na hapakuwa na mtu wa kumlaumu, maana wote walikuwa wakimshangilia. Alimtafuta baba yake kwa macho asimwone.

Alimkuta zizini, mfuko wa chumvi mkononi, umepungua nusu. Ng'ombe alikuwa akimlamba kiganja.

"Baba, ulijua tangu lini?"

"Tangu jua lituchome mgongoni asubuhi. Mimi mchungaji, Makoye. Pwani ni kule linakotokea."

"Dume lako, baba. Umeuza dume lako. Mbona hukuniumbua?"

"Mtoto akikunyea mkononi, unakata mkono?" Mzee aliongeza chumvi kiganjani. "Unanawa."

Shaaban alisimama na kanzu yake nyeupe katikati ya samadi. Nje watu walikuwa wakimwita aje awasimulie.

"Sasa niambie," mzee alisema, macho kwa ng'ombe wake. "Hiyo Unguja yenyewe, ikoje?"

Shaaban alifungua mdomo. Karafuu, baraza, mchanga, vyote vilikuwa tayari ulimini, pamoja na ile chumvi.

"Sijui, baba."

"Haya," alisema mzee, akamsogezea mfuko. "Basi tuko wawili. Mlishe huyu mwekundu, hajapata."