Kuni za Mzee Jayanti

"Ezron, wewe ndiye mlinzi. Hebu waeleze watu, pale bondeni kuna nini?"

Mwenyekiti wa kijiji aliuliza, na mkutano mzima ukageuka. Agizo lilikuwa limekuja: mahali pa kuchomea maiti pawe na mmiliki mwenye kibali, na wanakijiji waridhie. Pale bondeni palikuwa pa Mzee Jayanti, Mhindu muuza vitambaa wa Tukuyu. Alizaliwa hapahapa. Wazazi wake walichomwa pale, na mkewe pia.

Kwa miaka kumi na moja Ezron aliwaambia majirani kwamba kazi yake ni kufukuza mbuzi tu. Hakuwaambia kwamba ndiye anayepasua kuni na kuzipanga, na kesho yake kuokota mifupa iliyobaki, kwa mikono hiihii inayokata ndizi ambazo mkewe, Sekela, huziuza sokoni Kiwira. Nani angezinunua tena?

"Moshi," alisema. "Moshi unashuka mpaka kwenye migomba yetu."

Uongo mtupu. Moshi wa pale huenda zake juu, haumgusi mtu. Mwenyekiti alipoita wanaotaka pafungwe, mkono wa Ezron ulikuwa wa kwanza kupanda, mingine ikafuata, na pakafungwa. Mzee Jayanti, aliyekaa nyuma na sweta lake la kijani, alimtazama, kisha akainamisha kichwa. Heri angemtukana.

Maana mwezi mmoja tu kabla ya hapo mzee, tayari mgonjwa, alikuja bondeni na mkongojo wake, akapigapiga magogo ya mkaratusi.

"Kuni hizi ziweke kando, Ezron. Zikauke vizuri. Siku yangu sitaki kuwachelewesha watu."

Ezron alicheka, akamwambia ataishi mpaka zioze. Akazipasua, akazipanga, akazifunika kwa bati.

Wiki ya tatu baada ya mkutano, mzee akafariki. Msiba kwa Mnyakyusa hauendewi mikono mitupu. Mwanamume huenda na jembe. Ezron alilichukua lake bila kufikiri. Alipofika uani kwa marehemu aliwakuta wenzake wa mkutanoni, kila mmoja na jembe begani, maana jirani ni jirani.

Meshaki, fundi baiskeli, alimwendea Rekha, binti wa marehemu.

"Pole sana, dada. Sisi tupo. Tuchimbe wapi?"

Rekha aliyatazama yale majembe. "Hatuchimbi, kaka. Tunampeleka mkoa mwingine. Mahali pa kuchomea kule nako pana wenyewe. Wamesema keshokutwa, tukiwahi kupata barua ya kibali."

"Keshokutwa! Kwani pale bondeni..." Meshaki akaanza, kisha akakumbuka alivyonyoosha mkono mkutanoni. Majembe yakateremka mabegani, moja baada ya jingine.

Aibu ya maiti aijuaye mwosha. Ya Ezron aliijua mwenyewe, na hakuna aliyemnyooshea kidole, lakini alijiona kama amevuliwa nguo pale uani. Alimsogelea Rekha.

"Mwanangu, kuna kuni zake. Alizichagua mwenyewe. Naweza kuzipakia sasa hivi."

"Najua, baba Neema. Aliniambia." Sauti ya binti haikuwa na ukali hata kidogo. "Lakini kule kuni ni zao, hawapokei za mtu. Alisema nikufikishie ndaga yake. Kwa vile ulivyomstiri mama."

Ezron aliisikia shukrani hiyo, akalirudisha jembe lake begani.

Gari likaondoka. Mvua nayo, kama kawaida yake Tukuyu, haikungoja watu wafike kwao. Wenzake walishika njia za nyumbani. Ezron alishuka bondeni peke yake na jembe lake. Upepo ulikuwa umelisukuma bati pembeni kidogo. Akalirudisha mahali pake, akatafuta jiwe, akalikandamiza juu yake. Kisha akapitisha kiganja chini ya bati, akazipapasa kuni moja moja, mpaka ya mwisho.

Zilikuwa zimekauka vizuri.